Mtoto Anafanya Nini? Swali Ambalo Mizani Haiwezi Kulijibu

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipangiwa hospitali moja ya wilaya ambako, siku za kliniki ya watoto, akina mama walianza kufika kabla ya jua kuchomoza. Mtoto alivuliwa nguo, akatundikwa kwenye mizani iliyoning'inia kwenye boriti, akalia, akashushwa. Muuguzi alitia nukta kwenye kadi, akaiunganisha na nukta ya mwezi uliotangulia, na kama mstari ulikuwa unapanda mama aliambiwa, "Mtoto anaendelea vizuri." Siku moja aliletwa kwangu mtoto wa kiume wa miezi minne kwa sababu mama yake alikuwa na swali. "Daktari," alisema, "mwanangu mkono wa kushoto haufungui. Nikimwogesha, vidole inanibidi nivikunjue mwenyewe." Niliitazama kadi. Mstari ulikuwa unapanda kuliko wa watoto wengi walioletwa asubuhi ile. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ataufungua tu, arudi mwezi ujao kupima uzito.

Alirudi mtoto akiwa na miezi kumi na mmoja, na safari hiyo hakuja kwa ajili ya uzito. Mtoto alikaa kwa kuinamia upande mmoja, mguu wa kushoto ulikuwa umekakamaa, na mkono ule ulikuwa ungali ngumi. Alikuwa na utindio wa ubongo ulioathiri upande mmoja wa mwili. Katika miezi ile saba mtoto alikuwa amekandwa kwa mafuta ya kila namna, na ukoo wa mume ulikuwa umekwisha kutoa hukumu yake: mtoto amebemendwa. Katika sehemu nyingi za Tanzania huaminika kwamba mtoto anayenyonya akidhoofu, au akichelewa kukaa na kutembea, ni kwa sababu mmoja wa wazazi amevunja mwiko wa tendo la ndoa, ama kwa kukutana mapema baada ya uzazi, ama kwa kutoka nje ya ndoa. Mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mama. Mama huyu aliacha kuja kliniki kwa sababu aliona aibu kumfunua mtoto mbele ya wenzake kwenye foleni.

Jeraha la ubongo wa mtoto yule nisingeweza kulifuta hata kama ningeligundua siku ile ya kwanza. Lakini miezi saba ya mazoezi ilipotea, na kwa miezi saba mwanamke alibeba shutuma ambayo ningeweza kuizuia kwa kumsikiliza. Yeye alikuwa ameona, nami nilikuwa nimeitazama kadi.

Kukua na kuendelea

Lugha yetu hutumia neno "kukua" kwa mambo mawili ambayo mhudumu wa afya hana budi kuyatenganisha. La kwanza ni ongezeko la mwili: uzito, urefu, mzingo wa kichwa. La pili ni maendeleo, yaani mambo ambayo mtoto anaweza kuyafanya leo na wiki chache zilizopita alikuwa hayawezi. Mara nyingi mambo haya huenda pamoja, lakini si lazima. Mtoto mnene anaweza kuwa haoni. Mtoto aliyezaliwa mdogo sana anaweza kuwa mwepesi wa kutabasamu na kufuata uso wa mama yake kuliko jirani yake mwenye mashavu.

Ratiba yetu ya chanjo inatupa nafasi nzuri ajabu ya kutazama maendeleo haya. Baada ya chanjo za kuzaliwa, mtoto huletwa akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Anayetafuta vipindi vitatu vya kuuchunguza ubongo unaokua asingechagua vizuri zaidi. Tunachokosa ni mazoea ya kuuliza swali moja kabla ya kuandaa sindano: "Mama, mtoto anafanya nini sasa ambacho mara iliyopita alikuwa hafanyi?" Swali hili halijibiwi kwa ndiyo au hapana, na huchukua muda usiozidi ule wa kumvua mtoto nguo.

Wiki ya sita

Mtoto mchanga anapozaliwa si kipofu, kama wengi wanavyodhani. Huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, umbali unaokaribia ule uliopo kati ya titi na uso wa mama. Hushtuka kwa mlio wa ghafla, hufumba ngumi, hukamata kidole kinachowekwa kiganjani, na ukimgusa shavu huligeukia akitafuta chuchu. Mengi ya haya hufanyika bila hiari yake. Hata tabasamu la siku za mwanzo hutokea usingizini, na bibi husema mtoto anacheka na malaika. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 hutokea jambo jipya: mtoto humtazama mtu usoni, akatulia, kisha akatabasamu kwa sababu ya uso ule. Hilo ni jibu. Ili atabasamu hivyo lazima macho yaone, ubongo utambue na misuli ya uso itii, na kwa hiyo tabasamu moja hunipa habari ambayo ningehitaji vipimo vingi kuipata. Mtoto aliyetimiza miezi 3 bila kumtabasamia mtu anahitaji kuchunguzwa.

Wakati huohuo mtihani mwingine huikuta nyumba: kilio. Kilio cha mtoto mwenye afya huongezeka wiki baada ya wiki tangu kuzaliwa, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Hupendelea jioni, wakati mama amechoka na wageni wamekuja kumwona mtoto. Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo unyonyeshaji hukatizwa. Mtoto analia, mtu anasema maziwa hayatoshi, mwingine anasema ni chango, na kabla ya wiki kuisha mtoto ameonjeshwa maji, dawa ya mitishamba, uji mwepesi. Maziwa ya mama peke yake yanatosha kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji, na hilo ni kweli hata kwenye joto la Dar es Salaam mwezi wa Januari. Mama anayetaka kujua kama maziwa yanatosha asikipime kilio, ahesabu nepi. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na usiku, na ambaye uzito wake unapanda, anashiba. Katika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa atapungua uzito kidogo, kisha kwa kawaida huurudia kabla ya wiki mbili kuisha. Atanyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku ni sehemu ya hesabu hiyo.

Choo nacho huwatisha wazazi bila sababu. Mtoto anayenyonya tu anaweza kupata choo kila anaponyonya, na akishapita mwezi mmoja anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo kabisa. Choo kikija laini, tumbo likiwa si gumu wala halijavimba, na mtoto akinyonya na kucheza kama kawaida, hana ugonjwa na hahitaji dawa ya kuharisha.

Kuna jambo moja la wiki ya sita ambalo nawaomba wauguzi wenzangu wasilipite. Mtazame mtoto machoni, mwanga ukiwa nyuma yako. Mboni iwe nyeusi. Mboni nyeupe au ya kijivu yaweza kuwa mtoto wa jicho, na mara chache huwa saratani ya jicho. Watu wengi huuhesabu mtoto wa jicho kuwa ugonjwa wa wazee unaoweza kusubiri. Kwa mtoto mchanga hausubiri, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika miezi hii hii ya mwanzo. Jicho lililozibwa likifunguliwa akiwa na miaka mitatu, upasuaji unaweza kufanikiwa na mtoto asione vizuri hata hivyo. Mtoto huyo apewe rufaa siku hiyohiyo.

Chali usingizini, kifudifudi akiwa macho

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu siku ya mtoto mdogo: usingizi, mchezo na kukaa. Kwa mtoto wa chini ya miezi 4 linataja usingizi wa saa 14 hadi 17 kwa siku, na kwa wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Alale chali, si ubavu wala kifudifudi, mahali pagumu kiasi pasipo na mito laini, ndani ya chandarua. Kulala chali kumethibitika kupunguza vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Wanaohofu kwamba atapaliwa na maziwa watulie: mtoto mwenye afya hugeuza kichwa na kumeza.

Lakini akiwa macho, mambo hugeuka. Mwongozo huo unataka mtoto ambaye bado hajaweza kujisogeza alazwe kifudifudi kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, akitazamwa, kwa vipindi vifupi vifupi. Akina mama wengi huliogopa jambo hili, na mtoto mwenyewe hulalamika. Mwanzo mzuri si sakafuni bali kifuani pa mama aliyejilaza: mtoto huinua kichwa ili aone sauti inatoka wapi. Baadaye ni mkeka, dakika mbili baada ya kuoga, dakika tatu baada ya kuamka. Kwa njia hii shingo hupata nguvu, kisha mabega, kisha mgongo.

Je, kubebwa mgongoni? Sina neno baya juu ya mgongo wa mama. Mtoto aliyefungwa kanga huona dunia kwa urefu wa mtu mzima, husikia maongezi, hujifunza kuituliza shingo mama anapotembea. Mwongozo unashauri tu asikae amefungwa mahali pamoja kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, iwe mgongoni, iwe kwenye kiti. Ninachokihofia mimi ni kitu kipya zaidi: simu yenye katuni iliyoegemezwa kwenye mto mbele ya mtoto wa miezi mitano ili anyamaze. Simu haimjibu. Mtoto akisema "aguu" na mama akamjibu "aguu, baba, umeamka?", kisha akanyamaza kumpa zamu, hayo ni mazungumzo, na ubongo wa mtoto unajengwa nayo.

Wiki ya kumi na nne

Ikiwa muda unatosha kwa uchunguzi mmoja tu, mimi ningeuchagua huu. Kwenye wiki ya 14 mtoto ana zaidi ya miezi mitatu. Mshike wima: kichwa kisimame, hata kama kinatikisika kidogo. Mlaze kifudifudi: ainue kichwa, na wengi huinua na kifua kwa kuegemea mikono. Mlaze chali: mikono ikutane katikati, aitazame kama vitu alivyookota, aitie mdomoni. Na viganja viwe wazi muda mwingi. Ngumi ambayo katika wiki za mwanzo ilikuwa ya kawaida, sasa si ya kawaida, hasa ikiwa ni ya upande mmoja.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kuwa na mkono wa kulia au wa kushoto. Huitumia yote miwili kadiri kitu kilivyo karibu. Wazazi wakifurahi kwamba mtoto wa miezi sita "ni wa kulia kama babu yake", mhudumu auchunguze mkono wa kushoto.

Kuhusu kusikia, tusidanganywe na sauti. Mtoto kiziwi naye hutoa "aguu" katika miezi ya mwanzo, na familia husema mtoto huyu anaongea sana. Tofauti huja baadaye: mtoto anayesikia, afikapo miezi 6, hugeukia sauti asiyoiona, naye huanza kuunganisha silabi, "ba-ba-ba". (Akina baba wasijisifu mno, midomo hupata "ba" kwa urahisi, na jina la mtu bado halijafika.) Asiyesikia huanza kunyamaza kidogokidogo. Mama akisema mtoto haamki hata mlango ukibamizwa, mwamini, mpeleke akapimwe.

Mwezi wa sita, na swali la "mbona mwenzake?"

Kufikia mwezi wa sita wengi hujipindua, hunyoosha mkono kukamata kijiko, hukihamishia mkono wa pili, na hukaa wakishikiliwa. Hapa ndipo kulinganisha kunapopamba moto. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikiliwa kulitokea kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8.2 na 17.6. Watoto zaidi ya 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, nao wakatembea. Basi mwenye jirani aliyekaa na miezi mitano, na wake bado ana miezi saba, hana sababu ya kukosa usingizi. Akifika miezi tisa bado hajakaa, asiendelee kusubiri nyumbani.

Desturi za nyumbani pia huathiri tarehe hizi. Charles Super alichapisha mwaka 1976 utafiti wake miongoni mwa Wakipsigis wa magharibi mwa Kenya. Akina mama wa huko waliwafundisha watoto kukaa kwa makusudi, wakiwaketisha kwenye kishimo kilichochimbwa ardhini ili kiegemeze mgongo. Watoto wao walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani. Kutambaa, ambako hakukufundishwa, hakukuwahi. Beseni lililozungushiwa kanga, ambalo sote tumeliona, linafanya kazi ileile. Kile kigari cha magurudumu anachotumbukizwa mtoto ili eti ajifunze kutembea hakifanyi hivyo: humning'iniza, humnyima kujifunza kusimama kwa nguvu zake, na humfikisha jikoni kwenye chai ya moto kabla mtu hajageuka.

Kwa mtoto njiti, hesabu ianzie siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa na wiki 32 aliwahi kwa wiki 8. Akiwa na miezi mitano mtarajie mambo ya mtoto wa miezi mitatu. Chanjo peke yake hufuata siku aliyozaliwa. Nimeona mama wa mtoto njiti akilia bila sababu kwa kukosa maelezo haya. Nimeona pia kinyume chake: mtoto aliyekakamaa kweli, na kila mtu akasema ni kwa kuwa ni njiti. Kuwahi kuzaliwa huelezea kuchelewa; hakuelezi miguu inayopishana kama mkasi, wala mwili uliolegea kama kitambaa.

Dalili hizo mbili hazisubiri mwezi ujao. Vivyo hivyo kichwa kinachokua haraka kuliko mwili na macho yanayotazama chini muda wote, ambacho hospitali zenye upasuaji wa ubongo, kama Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, hukitibu. Na jambo lililo zito kuliko yote: mtoto aliyekuwa akitabasamu, akishika, akigeuka, kisha akaacha. Kuchelewa kunaweza kujadiliwa. Kurudi nyuma kunahitaji daktari katika umri wowote.

Maneno ya kumwambia mama

Mhudumu akishaona tatizo, kazi ngumu ni sentensi ya kwanza. Usiseme "mtoto wako ana shida", ukamwacha mlangoni na karatasi ya rufaa. Mwambie ulichokiona: "Naona mkono huu haufunguki kama huu mwingine. Nawe umeona?" Mara nyingi ameona zamani. Mwandikie rufaa kwa siku ambayo mtaalamu wa mazoezi ya viungo yupo, maana nauli ya mara ya pili huenda isipatikane. Kisha, hata kama hajauliza, mwambie sababu zinazojulikana: uchungu wa muda mrefu na mtoto kukosa hewa, manjano makali siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa kabla ya wakati. Mwambie pia kwamba tendo la ndoa halimo katika orodha hiyo. Ikiwezekana, yasemwe hayo mbele ya baba mtoto, au mbele ya yeyote ambaye neno lake ndilo linalosikilizwa nyumbani.

Kwa familia ya mtoto yule, aliyesikilizwa alikuwa bibi mzaa baba. Nilimwomba mama aje naye. Alikaa kwenye benchi la chumba cha mazoezi akiwa amefumbata mikono, nikamweleza habari ya ubongo na uzazi mgumu, akaniomba nirudie, nikarudia. Alimkumbuka mkwewe siku ile ya uchungu: jua lilizama mara mbili. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa akimwonyesha mama jinsi ya kuuamsha mkono wa kushoto, kumpa mtoto gunzi la mahindi upande huo, kumzuia kwa upole asilichukue kwa mkono wa kulia. Bibi alitazama kwa muda. Kisha akamvuta mjukuu mapajani, akaikunjua ile ngumi kidole kimoja kimoja, akauliza, "Kwa siku mara ngapi?"

Tulimwambia kila anapooga, kila anapokula na kila anapocheza. Akaanza palepale kwenye benchi.